Josephina na Kifua cha Mkwe

Rungwe Mpya nzima hakuna kifua kilichopona vidole vya muuguzi Josephina. Atakutazama, atakupapasa, atakugonga, ndipo apachike masikioni mipira yake akusikilize pumzi, na wewe maskini ulifuata dawa ya minyoo tu. Hata papai sokoni hanunui mpaka aligonge. Miaka ishirini na miwili kazini, na wimbo wake ni ule ule: "Mashine itakudanganya, mkono haudanganyi." Maringo hayo, jamani!

Basi Jumatatu moja ya masika, daktari wa zahanati yake kaenda Kasulu kufuata dawa, Tharsisi wa bodaboda akamletea mgonjwa aliyejifunika koti zito hadi kidevuni. Kumbe ni Pasikali, mume wa bintiye Anifa! Josephina akageuza uso upesi. Kwa mila za kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Kumwona mkweo kifua wazi ndiyo kabisa, utasemwa mpaka uzeeni. Miaka minane wawili hawa walikuwa wakipishana njiani, kila mmoja akikagua migomba ya upande wake.

"Tharsisi, mwulize mwenzako anaumwa nini," Josephina alisema, macho kwenye kalenda ukutani.

"Mwambie Mama ni kikohozi tu," Pasikali alijibu, akiikazia macho mizani ya watoto.

Tharsisi katikati akarudia kila neno, utadhani wenzake viziwi.

Mwanamke yule yule wa kugonga watu akanyoosha mkono huku kageuza shingo, akabandika kipimo juu ya koti. Alichosikia ni koti. Akaandika dawa ya kikohozi.

Lakini jicho la muuguzi halina adabu. Dirishani alimwona Pasikali amesimama kabla ya kuifikia pikipiki, mabega yanapanda, pua inatanuka. Akashika saa, akahesabu. Pumzi thelathini na sita kwa dakika, maradufu ya mtu mzima! Hofu ikamwingia, na aibu juu yake, kali kuliko ile ya ukwe. Atamwambia nini Anifa? Kwamba mumeo nilimwonea haya mpaka akafa?

"Rudini!" alipiga kelele. "Vua koti!"

Tharsisi akafungua mdomo arudie.

"Wewe nyamaza. Nasema naye mwenyewe. Pasikali, mwanangu, vua."

Pasikali akavua, macho kayafumba. Josephina akaweka kidole mgongoni, akakigonga kwa kingine. Kushoto mlio ulikuwa mwepesi, wa hewa. Kulia, chini, ulikuwa mzito kama debe lililojaa maji. Akasikiliza: huko pumzi haifiki, pafu limejaa. Joto, thelathini na tisa na nusu. Akapiga simu gari la wagonjwa lije upesi, kisha akarudi kumshikilia mgongo ili apumue akiwa ameketi wima. Mikono hakuiondoa.

"Mama," Pasikali akasema polepole, bila kumpitia Tharsisi.

Josephina akashtuka. Miaka minane, hilo lilikuwa neno la kwanza mkwewe kumwambia yeye mwenyewe.

"Ee, baba?"

"Mikono yako ni ya baridi."

Josephina akacheka huku machozi yanamtoka, akaisugua ikapata joto, akairudisha pale pale.