Pua ya Nzohe Kwenye Mafunjo

Harufu ya mafunjo mabichi bado hunifumba kinywa. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, shangazi yangu, aliyenilea katika mtaa wa Kinama, alikuwa akiyakata kwenye kinamasi nyuma ya mashamba ya mpunga ya Buterere ili asuke mikeka, nami nilimfuata kwa kulazimishwa. Nilikuwa na miaka tisa na tayari sikupenda safari. Shangazi alisema nilizaliwa nimeshikilia mlango.

Asubuhi moja, tukiwa ndani ya maji hadi magotini, risasi zililia upande wa barabara. Shangazi akanivuta chini mpaka maji yakanifika kidevuni. Wanaume wenye bunduki walikuwa wakipita juu ya tuta la mpunga, karibu hata nikasikia mmoja wao akikohoa. Ndipo nilipoona, hatua tatu mbele ya uso wangu, pua nyeusi ikielea, na nyuma yake macho mawili. Nikajua ni mamba. Nikafungua kinywa.

Shangazi akakiziba kwa kiganja chenye tope, akaninong'oneza: "Iyo ni nzohe. Ikikurupuka, watatusikia. Apana tikisika."

Nikatazama tena. Masikio mapana, alama nyeupe usoni, manyoya marefu ya kahawia yaliyolowa. Hana pembe, basi ni jike. Shangazi alikuwa amenisimulia mara nyingi habari za swala huyu wa vinamasini, kwato zake ndefu zinazotanuka asizame topeni, na anavyojizamisha mwili mzima akiogopa. Nilidhani ni maneno ya kunitoa nyumbani. Sasa uhai wangu ulitegemea utulivu wake, na wake ulitegemea wangu. Ruba alikuwa akinipanda pajani. Nzohe hakupepesa. Mimi nilipepesa, na kukojoa pia nilikojoa, ila maji yalinifichia aibu.

Hatua za wale watu zilipopotea, nzohe ndiye aliyeondoka kwanza, polepole, bila kurusha maji. Shangazi akanitoa ruba, akasema: "Ule uvivu wako, mwanangu, leo umefanya kazi."

Siku hizi pale tulipojificha pana nyumba za mabati, na mafunjo yamesukumwa mbali. Wanangu hunicheka kwamba sitoki, na kwamba hata nikienda arusini hukaa karibu na mlango. Hawakosei. Nzohe yule alitoka majini siku ile ile. Mimi mpaka leo nimetoa pua tu.