Mgeni wa Chupa ya Tano

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Nilikuwepo, macho yangu wazi, taa zikiwaka, na sikuwa nimelewa hata kidogo. Nasema hilo mapema kwa sababu najua wengi wakisikia neno divai husema, "Aa, kumbe walikuwa wamekunywa." Hatukuwa tunakunywa, tulikuwa tunaonja. Na aliyeumia ni mdogo wangu wa tumbo moja, Candiru, ambaye mpaka leo ninapigana nisimpoteze.

Sisi ni Walugbara wa Arua, upande wa Dadamu. Kiswahili chetu ni cha soko na cha kambi za askari. Hiki ninachokuandikia nilikipata nilipofanya kazi Kenya, kwa hiyo usishangae. Candiru ni mpishi, au tuseme alikuwa mpishi. Ulimi wake ulijulikana mji mzima. Mpe mchuzi wa njugu, ataulamba kwenye kiganja na kukwambia njugu zako ziliungua upande mmoja. Rafiki zetu wa kuonja divai walikuwa wawili. Mama Furaha ni Mkongomani, anauza vitenge pale Vurra mpakani, na ndiye aliyetuanzishia mambo haya, maana ndugu zake humletea chupa kutoka ng'ambo. Lemi ni Mkakwa mwenye duka la mabati na misumari Koboko, mwili mkubwa, maneno mengi, roho nzuri.

Tulikuwa tunakutana mara kwa mara, kila mtu na chupa yake, zote za zabibu za aina moja ili tuweze kuzilinganisha. Safari hiyo ilikuwa zamu ya Chardonnay, divai nyeupe ambayo kwa kweli ni ya manjano. Iko ya bei rahisi inayokwaruza koo kama ndimu changa, na iko ile iliyokaa kwenye pipa la mti mpaka ikaanza kunukia siagi. Lemi alileta mchezo aliouona kwenye simu: kila mtu aifunge chupa yake kwa gazeti na ukanda wa mpira, zipewe namba, asijulikane mwenye chupa ni nani. Eti tusisifie chupa kwa kumwogopa mwenyewe.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, Mlugbara na Mkakwa sawa, kinywaji hakianzi kwa mgeni. Aliyekileta ndiye anayepiga funda la kwanza mbele ya macho ya wote, ndipo ampe mwenzake. Huku sumu inaogopwa kuliko bunduki, na hata bibi yako mzaa mama akikupa pombe ya mtama ataionja kwanza. Sasa niambie, mwenye chupa akifichwa, nani ataonja kwanza? Niliwauliza hivyo hivyo. Lemi akanicheka.

"Mama, wewe iko mutu ya zamani sana. Hapa nani ataua nani?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Tulifika kwa Lemi alasiri. Mke wake alikuwa amekwenda kwao na watoto, nyumba ikawa yetu. Tukapanga glasi za kuazima kanisani (katibu wa kanisa asisikie), tukatia chupa nne kwenye beseni la barafu. Jua likiwa linaelekea kuzama, mvua ikaanza kupiga mabati, mvua ya Koboko isiyo na mchezo. Mara tukasikia hodi.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, gauni la kitenge cha bluu, nywele zimesukwa vizuri. Mkononi alishika chupa iliyofungwa gazeti na mpira, sawasawa na zetu.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Natumaini hamjaanza bila mimi."

Kiswahili kilichonyooka hivyo nani anakisema Koboko? Hata hivyo Lemi aliipokea ile chupa, akaitia barafuni, akamvutia mgeni kiti. Hakuna aliyemuuliza jina. Utamuulizaje mtu aliyekwisha kaa, "Nani amekualika?" Kwetu hiyo ni aibu kubwa, ni sawa na kumfukuza. Mimi nilidhani ni mgeni wa Mama Furaha. Niliona gauni lake halikulowa hata tone, nikajiambia ameshushwa na gari mlangoni. Moyo wa mtu huwa tayari kujidanganya.

Tukaanza. Namba moja ilikuwa kali, tukaikunjia uso. Namba mbili ilinukia nanasi, Candiru akaipenda. Yule mgeni alinusa kila glasi kwa muda mrefu, macho kafumba, kama mama anayenusa nguo za mtoto aliye safarini. Kisha aliigusisha glasi mdomoni na kuirudisha mezani. Haikupungua. Hilo pia niliona.

Baada ya namba nne nilikwenda jikoni kuchukua nyama ya mbuzi na muhogo. Lemi akanifuata kutafuta chumvi.

"Mama, rafiki yako iko na heshima sana," akaninong'oneza.

"Rafiki yangu? Huyo si ni wa Mama Furaha?"

"Hapana. Mama Furaha ananiuliza kama ni dada yangu."

"Basi ni wa Candiru."

Nilipolisema hilo, nikakumbuka. Candiru mwenyewe alikuwa ameniuliza, tulipokuwa tunachukua vijiko, kama yule ni shemeji wa Lemi. Tulitazamana mimi na Lemi. Watu wanne ndani ya nyumba, na yule mwanamke hakuwa mgeni wa yeyote kati yetu. Niamini, niliiacha nyama pale pale nikakimbia.

Sebuleni alikuwa amesimama, anamimina chupa ya tano. Mama Furaha alikuwa na glasi karibu na pua. Nikapiga kelele, "Ngojeni!" Lakini Candiru ni mtu wa haraka tangu utotoni. Alikuwa amekwisha meza.

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anatabasamu.

"Dada," akasema, "hii waini iko na kila kitu. Maziwa, mchuzi ya mama, moshi ya jikoni, kichwa ya mtoto yangu. Kila kitu mimi nilionja katika maisha iko ndani."

Yule mwanamke akamtazama kwa upendo. Wallahi sijawahi kuogopa macho ya mtu kama nilivyoyaogopa yale.

Nilimnyang'anya Mama Furaha glasi yake. Mdomo wangu, asante Mungu, haujawahi kuniangusha.

"Mama," nikamwambia mgeni, "hii chupa nani ameleta?"

"Mimi."

"Basi kwetu mwenye kuleta anakunywa kwanza. Kunywa."

"Mwenzenu ameshakunywa."

"Kunywa!"

Nikamsukumia glasi ile. Kisha akaipokea, akaiinua, akanywa yote. Niliona koo lake likimeza. Halafu tukasikia maji yakidondoka juu ya sementi. Mama Furaha ndiye aliyetazama chini kwanza. Divai ilikuwa inamwagika katikati ya viatu vya mgeni, ya manjano, safi, kama ilivyotoka kwenye chupa, glasi nzima. Na gauni lake kavu.

"Yesu! Huyu hapana mutu!" Mama Furaha akalia. "Hapana mutu huyu!"

Mwanamke aliifudikiza glasi juu ya meza, akajifuta mdomo kwa kidole.

"Asanteni kwa kunikaribisha," akasema. "Mmoja anatosha."

Akafungua mlango, akatoka kwenye mvua. Usiniulize kama tulimfuata. Lemi, na mwili wake wote ule, alikuwa nyuma yangu ameshika gauni langu.

Tulipopata nguvu tukalivua gazeti la ile chupa. Haikuwa na karatasi ya jina. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na kizibo hakijaguswa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona akimimina. Sasa alimimina nini? Lemi aliibeba chupa kwa koleo la mkaa akaitupa chooni. Choo hicho amekwisha kukifukia na kuchimba kingine, na haoni haya kukueleza kwa nini.

Hatukulala. Tulimweka Candiru katikati, tukasali kila mtu kwa lugha yake. Yeye alikuwa ametulia, anatuona wajinga. Asubuhi nikamkaangia mayai. Akatafuna, akaniambia nimesahau chumvi. Sikuwa nimesahau. Nikampa pilipili mbichi, akaitafuna yote huku ananitazama, na hofu ikaanza kumwingia polepole usoni. Chai, vitunguu, mafuta ya taa, hakuna alichosikia ladha wala harufu.

Madaktari wa Arua walimchungulia pua na koo wakasema kila kitu kiko sawa. Mchungaji aliomba. Wazee wa ukoo wakafanya ya kwao. Kazi ya upishi iliisha, maana mpishi asiyesikia chumvi atapika nini? Hayo yote ningeyavumilia. Lakini jioni moja nilimkuta amempakata mwanawe wa miaka mitatu, pua kaizamisha kwenye nywele za mtoto, ananusa, ananusa, analia.

"Dada, mtoto yangu hana harufu. Ni kama nimeshika mtoto ya mutu mwingine."

Nilitoka nje nikalia peke yangu, sina haja ya kukuficha.

Tangu hapo kuna kitu kimoja tu anachosikia. Mvua ikikaribia kutoka upande wa Koboko, kabla hata wingu halijaonekana, anainua kichwa na kusema ile waini inanukia. Anaoga, anavaa gauni zuri, anakaa ametazama mlango. Mimi nafunga mlango na kukaa mbele yake.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, onja divai zako, linganisha, cheza michezo ya kwenye simu ukipenda, sikukatazi. Lakini mtu akiingia kwenye karamu yako nawe humjui, muulize anatoka kwa nani. Muulize mbele ya watu, aone haya, akasirike, akuseme mji mzima kwamba huna adabu. Na aliyeleta kinywaji aonje kwanza, awe ni ndugu yako, awe ni askofu. Mtu akikuambia hayo ni mambo ya zamani, mlete kwangu Dadamu amwone Candiru.

Wiki iliyopita mvua ilikuja kwa nguvu. Candiru alinijia, akapiga magoti, mdogo wangu ambaye hajawahi kunipigia magoti.

"Dada, yeye iko mulango. Anasema atanirudishia harufu ya mtoto yangu, niende naye tu. Fungua, dada. Tafadhali."

Nilimkumbatia kwa mikono miwili, akinipiga, akiniuma, mpaka mvua ikakatika. Lakini mvua za mwaka huu ni nyingi, na mimi ni binadamu, huwa nalala.