Meza ya Watu Wawili

Katika ofisi ya kutolea mizigo karibu na mpaka, karani mkongwe ndiye hufika kabla ya wote. Hufuta meza za wenzake kwa kiganja, akijizolea nyota ambazo ofisi huwapa wanaowahi kazini. Belise, mfanyakazi mwenzake kijana anayezibandika nyota hizo ukutani, humtania: "Papa, unapenda pointi sana!" Naye hucheka chinichini, akikunjua mikono ya shati na kuikunja tena. Leo nyota zimempa zawadi: chakula cha watu wawili, hotelini kando ya ziwa. "Utaenda na mama!" Belise akashangilia, akimaanisha mke wa karani. Karani akapiga makofi pamoja na wengine, kisha akamwinamia. "Mama alibaki Goma, ule upande wa mpaka. Tangu vita, simu yake haipatikani. Nyumba iko kimya sana, ndiyo maana nakujaka mapema." Akakunjua mikono ya shati. "Bon, muniwekee meza yenye kuangalia ule upande."