Sauti ya Mume wa Mwalimu wa Kwaya

Tangu waoane, mwalimu wa kwaya alimkataza mumewe, fundi bomba, kuimba kanisani. "Wewe chezesha mdomo tu, baba watoto." Fundi hakubisha, sauti yake ilikuwa kama bati linaloburutwa.

Sasa mke alikuwa hoi hospitalini, madaktari wameshanyoosha mikono. Watoto walipojaribu kumwimbia, waliishia kulia. Mke akamgeukia mumewe.

"Anzisha wewe. Aliyekupa sauti hiyo ndiye ninayemwendea."

Fundi akaanzisha, kombo vilevile, na wodi nzima ikaitikia. Kidole cha mkewe kilifuata mapigo juu ya shuka, kikalegea, kikatulia. Fundi aliona. Lakini katika kwaya ya mkewe mtu hakatizi ubeti; akaumalizia kwa sauti yote aliyokatazwa miaka nenda rudi.