Milima Saba kwa Mguu Mpaka Kagugu

Mimi sikuanguka vibaya. Niliteleza uani pale, maji ya kufulia yalikuwa yamemwagika, nikakaa chini puu, kama mtoto anayejifunza kutembea. Majirani wakaja kuniinua, tukacheka, nikanywa chai. Basi. Lakini ukiishi Rwezamenyo, hapa Kigali, habari haingoji moto, zile pikipiki za abiria, wala basi, inakwenda yenyewe. Kabla ya adhuhuri binti yangu alikuwa ameshafika kutoka Kagugu na macho mekundu.

Akaniambia, "Mama, hapa imetosha. Chumba iko tayari kwangu. Unakuja kukaa."

"Kukaa siku ngapi?"

"Kukaa, Mama. Nyumba hii tuipangishe."

Jamani! Nyumba hii nimeingia bibi harusi, na hina mkononi. Ina vyumba viwili na baraza inayotazama barabara. Hapo barazani ndipo iko cherehani yangu, nashona pindo za yunifomu, na kila anayepita ananisalimia, nami namuuliza mama yako amepona? Sasa ningekaa Kagugu nyuma ya geti namsalimia nani, ile geti?

Nikamwambia sitaki. Akasema goti yangu imekwisha, haiwezi hata kilima kimoja. Hapo alinichokoza. Mimi ukinichokoza nasema maneno kabla sijayafikiri, marehemu mume wangu alijua hiyo.

Nikasema, "Kilima kimoja? Jumapili nitakuja kwako kwa mguu, na sitapita chini kama maji. Nitapita juu, mlima kwa mlima, saba."

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. "Saba! Haya. Bila moto, bila mtu kukushika mkono. Na ufike kabla ya adhana ya magharibi. Ukifika, sitasema tena habari ya kuhama. Usipofika…"

"Nisipofika nabeba cherehani yangu nakuja."

Tukapeana mkono kabisa, kama watu wa mnadani. Akasema kila kilele nimbipu, ajue nimefika. Kusoma majina kwenye simu kunanipa tabu, shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo aliniwekea picha yake. Nikibonyeza uso wake tu, inaita.

Jumapili nikaswali alfajiri, nikavaa raba za mkwe wangu alizoniachia, soksi mbili ili zinikae, nikafunga kitenge vizuri, chapati tatu kwenye mfuko, nikatoka. Mlima Kigali ndio wa kwanza kwa sababu iko hapo juu yetu, nimeitazama maisha yangu yote na sikuwa nimepanda tangu nyonga zangu zikiwa mpya. Njia inapita katikati ya miti, mikaratusi na misonobari, harufu yake inafungua kifua. Vijana wa mazoezi wananipita wanakimbia, wanaita, "Komera mukecuru!" Yaani jikaze, bibi. Namjibu kila mmoja. Goti ilikuwa inalia kidogo, kik, kik, nikaiambia nyamaza, tuna safari.

Kule juu! Mto Nyabarongo unajikunja chini, rangi ya chai ya maziwa. Na upande wa pili Kigali yote, mabati yanawaka kama mtu amemwaga sarafu. Nikatafuta paa yangu. Sikuiona, lakini nilijua iko pale, nikaipungia mkono. Nikabonyeza uso wa binti yangu. Moja.

Kushuka ndiyo kazi, wanaosema kupanda ni kugumu hawajawahi kuwa na goti. Nikashuka pole pole, nikavuka bonde, nikapanda Rebero. Saa nne nilikuwa juu. Nikabipu. Mbili. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka hapo, na kama ningekuwa mtu mwenye akili ningepita moja kwa moja.

Lakini Rebero anakaa rafiki yangu. Tulishona pamoja miaka mingi, cherehani mbili baraza moja, mpaka mtoto wake wa kiume akajenga huko juu akamhamisha. Nikajiambia, utapitaje mlango wa mtu bila kumjulia hali? Nigonge tu, salamu, niende.

Akafungua mwenyewe. Akaniona, akaniangalia viatu, akasema, "Umemkimbia nani?"

"Nimekuja kukusalimia, nina haraka."

"Haraka ya nini, una mtoto mchanga?"

Akanivuta ndani. Nyumba nzuri, usiseme, vigae unajiona uso. Akaleta ikivuguto, yale maziwa ya mgando, gilasi kubwa. Akaleta ndizi. Akaleta picha za wajukuu. Nikamuuliza hapa unaishi vipi, dada? Akaangalia mlangoni kwanza, ingawa wote walikuwa kanisani.

"Wananipenda," akasema. "Wananipenda sana. Wameniweka kama vile vyombo vya wageni, unavijua, vile vya kabatini. Vinapanguswa vumbi, havitumiki."

Nikamenya ndizi nyingine, nikampa nusu.

Saa tano nikasimama. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoharibikiwa. Kwetu Rwanda mgeni hatoki peke yake. Lazima umsindikize, guherekeza tunasema, hata akiwa adui yako unamsindikiza mpaka njiani. Ukimwacha atoke hivi hivi umemfukuza. Na mgeni akikataa kusindikizwa naye amekutukana. Basi rafiki yangu akavaa mtandio, akasema, "Nakufikisha pale kwenye duka tu."

Tukafika dukani. Habari ya ndoa ya mtu mmoja ilikuwa haijaisha. Tukafika kwenye kona. Pale nikamwona anashusha pumzi, kapanda kidogo, na njia ya kurudi haina mtu. Mimi nina moyo, siwezi kumwacha mwenzangu arudi peke yake hivyo. Nikasema, "Twende nikurudishe nusu."

Tukarudi nusu. Lakini nusu ya wanawake wawili wanaoongea unaijua? Tukajikuta getini kwake. Sasa nimekuwa mgeni upya, naondoka upya!

"Siwezi kukuacha utoke hivi," akasema.

"Hujaniacha, umenisindikiza tayari."

"Ile ilikuwa ya kwanza."

Tukaenda tena dukani. Tukarudi tena. Mwenye duka akatoka akasimama mlangoni mikono kiunoni, akatuuliza, "Bibi zangu, mmepoteza kitu? Niwasaidie kutafuta?" Tukacheka mpaka tukakaa kwenye benchi yake. Na mara ya tatu, pale kwenye kona, rafiki yangu akanishika kiganja na hakuachia haraka. Akasema, "Toka nihamie, wewe ndiyo mtu wa kwanza niliyemsindikiza."

Ungefanya nini wewe? Nikamrudisha mpaka getini.

Nilipoachana naye kweli kweli ilikuwa saa saba kasoro. Milima mitano bado.

Nilikwenda, wallahi nilikwenda. Kicukiro niliswali adhuhuri msikitini, nikatoka na chapati mdomoni. Tatu. Binti akanipigia, hakubipu, alipiga kabisa. "Mama, kutoka Rebero mpaka hapo saa zote hizo? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nilikuwa nasindikizwa."

"Na nani?"

"Usiniongeleshe, unanimalizia pumzi."

Kimihurura nilipanda nahesabu hatua, nikifika mia naanza upya, maana baada ya mia zinanichanganya. Nne. Kacyiru ilikuja haraka, yeye na Kimihurura wanaungana mgongo, Mungu awabariki. Tano. Nikaswali alasiri kwenye majani kando ya njia, nikilala kidogo kwenye sijida zaidi ya inavyotakiwa. Chini bondeni nikapita karibu na ile ziwa na uwanja wa gofu, watu wanakokota vijiti vyao, nami natamani kuomba kimoja kiwe mkongojo.

Nyarutarama nyumba zina kuta ndefu, hakuna wa kusalimia ila walinzi. Mmoja akainuka kwenye kiti chake. "Mukecuru, umepotea?"

"Apotee nani? Mimi niko mlima wa sita."

Akanipa maji, mtoto wa watu, adabu tele. Nikanywa, nikashukuru, nikaanza kuondoka. Kumbe naye anakuja nyuma yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Nikusindikize mpaka pale barabarani, mama."

"Kaa hapo hapo!" nikapiga kelele. "Ukinisindikiza nakosa nyumba!"

Maskini, alirudi kukaa kama amepigwa. Mpaka leo inanisumbua, nilimkosea.

Jua ilikuwa inashuka nilipoanza kupanda Kagugu. Goti haikulia tena, ilikuwa imekasirika tu. Nikaona geti ya binti yangu juu, ya bluu. Nikaona hata yeye, mtandio wake wa njano, amesimama nje na simu mkononi. Ilibaki kama kutoka kwangu mpaka kwa muuza mkaa wetu, nyumba tatu tu. Ndipo adhana ikaanza. Allahu akbar, Allahu akbar. Nikasimama. Siwezi kusema sikusikia, ningeidanganya adhana?

Nikamalizia kupanda. Mbele ya geti, tukiwa tunaangaliana uso kwa uso, nikatoa simu nikambipu. Saba.

"Umechelewa, Mama."

"Nimechelewa."

Tukaswali. Halafu akaleta beseni, maji ya moto na chumvi, akanivua zile soksi mbili mbili, akaniosha miguu mwenyewe. Nikamweleza habari ya Rebero, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mwenye duka. Alicheka, maji yakamwagika. Halafu nikamweleza habari ya vyombo vya kabatini. Hapo akawa anaosha kidole kimoja tu, muda mrefu.

Chumba yenyewe alikuwa ameipaka rangi nzuri, pazia mpya ya maua. Nililala nikijua ndiyo yangu. Neno ni neno.

Asubuhi nikanywa chai, nikamwambia, "Tafuta gari ya kuleta cherehani. Nilishindwa, sina maneno." Akaingia ndani, akatoka na mtandio wake wa njano kichwani na raba zangu mkononi, amezipangusa vumbi.

"Vaa, Mama. Twende nikusindikize."

Nilimwangalia. Mtu wa nyumbani hasindikizwi. Anayekaa kwako humsindikizi, unamwambia tu uwahi kurudi. Alijua anachosema, mimi ndiye niliyemfundisha.

"Na adhana je?" nikamuuliza.

"Ulichelewa kwa adabu," akasema. "Hiyo sihesabu."

Tukashuka mpaka kituo cha basi, polepole, kwa ajili ya goti. Njia nzima aliongea kuliko mimi, sijui kajifunza wapi. Tulipofika nikaona mlima aliobaki nao kuupanda peke yake, na mtandio ule wa njano umeteleza kidogo begani kama alivyokuwa mdogo. Nikasema, "Mwanangu, ngoja nikurudishe nusu."

Akanishika mabega akanigeuza kwenye mlango wa basi. "Mama! Panda! Tutalala hapa!"

Nikapanda. Lakini nilikaa dirisha la nyuma, na niliangalia nyuma mpaka kona.