Sheria ya Mto na Meno ya Baba Mkubwa

Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu, baba mkubwa alikwenda mtoni kuoga. Akajimwagia maji kichwani, akapiga chafya, na meno yake yote ya juu yakaruka yakazama. Yalikuwa meno ya bandia, aliyowekewa alipokuwa askari wa Mwingereza, na Koboko nzima, mji wetu huku kaskazini mwa Uganda, sikumjua mwingine mwenye meno kama hayo.

Wazazi wetu walikuwa wamekufa, tumebaki wawili, mimi na huyo mdogo wangu. Niliacha shule darasa la tano ili nimlee. Ndugu wa kiume hatukuwa naye, kwa hiyo walii wake alikuwa baba mkubwa. Bila yeye hakuna ndoa, na yeye bila meno hakubali kusimama mbele ya wakwe kutoka Arua.

Mtu atasema: si atoke majini, watu wazamie wamtafutie? Kulikuwa na sheria iliyomzuia kutoka, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe.

Miaka ile ya sabini watu walipenda kuzamia mtoni siku ya Ijumaa baada ya sala, kwa kujifurahisha tu. Aliyezamia hakukosa kuibuka na kitu: bakuli, kandambili, kengele ya baiskeli. Kisha ugomvi wa nani mwenyewe. Wakampelekea baba mkubwa, naye akakata shauri. Mwenye kitu akiwa bado majini, kitu ni chake hata kikitolewa na mwingine. Akishakanyaga nchi kavu amekiachia mto, na atakayekizamia ndiye mwenyewe. Sheria ya wazamiaji ikawa imetungwa na mtu ambaye hajawahi kuingiza pua majini, lakini watu waliipenda kwa kuwa ni fupi.

Ilimuumiza fundi cherehani, jirani yetu. Siku moja alikuwa akisugua kutu ya mkasi wake mkubwa, ukamponyoka ukazama. Akatoka mbio kuita msaada, na mkata nyama akauzamia. Baba mkubwa akasema mkasi ni wa mkata nyama. Tangu hapo mkasi ule ukawa unakata utumbo.

Basi nilipofika mtoni kumpelekea baba mkubwa kanzu yake ya harusi, nilimkuta amesimama katika maji ya kiunoni, kiganja mdomoni. Ukingoni ameketi fundi cherehani, anatafuna karanga.

"Karibu, dada," akasema. "Mimi iko hapa napunga upepo tu."

"Fundi, mzamie mzee meno yake. Leo ni harusi."

"Nitazamia. Akitoka tu, nitazamia."

"Utayafanyia nini? Wewe una meno yako."

"Na yule mkata nyama, iko na cherehani?"

Fundi akapaza sauti ya huruma: "Mzee! Maji iko baridi. Kuja unywe chai!"

Baba mkubwa akatikisa kichwa, huku akipapasa matope kwa vidole vya miguu. Niliingia na mimi kupapasa, nikafanikiwa kuchafua maji tu. Vijana wote waliojua kuzamia walikuwa wamekwenda kulipokea lori la wakwe.

Akapita askari na baiskeli yake, akauliza kuna nini. Tukamweleza.

"Kila kitu iko ndani ya mto ni mali ya serikali," akasema.

"Hata meno, afande?" fundi aliuliza.

Askari akafikiri. "Meno pia. Ikipatikana, ipelekwe Arua."

Hatukucheka. Miaka ile mtu hakucheka mbele ya askari. Alipokwisha kupotea juu ya kilima, fundi alinigeukia. "Yawe yangu, yawe ya mzee, sawa. Lakini serikali itatafuna nini?"

Niliporudi nyumbani lori limeshafika, limewaacha vijana nyuma njiani kwa miguu. Mshenga wao akaniuliza walii yuko wapi.

"Anaoga."

"Tangu saa ngapi?"

"Ni mtu msafi sana."

Akaniambia lori ni la kuazima. Adhuhuri ikipita kabla ya ndoa kufungwa, watarudi Arua na bwana harusi wao. Mdogo wangu alisikia akiwa chumbani, na kilio chake nilikisikia mpaka uani. Nikamwendea shehe, nikamwambia ukweli wote.

Shehe alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akasema ndoa inataka walii, bwana harusi na mashahidi wawili. Sharti la nchi kavu hajapata kulisoma popote. Tukateremka sote mtoni, na wakwe na bwana harusi wao.

Baba mkubwa akawageuzia wakwe mgongo, akanyoosha mkono tu. Sasa bwana harusi ilimbidi amshike walii mkono huo, ndipo ndoa ifungwe. Akavua viatu, akaingia. Kanzu ikajaa hewa, ikaelea kumzunguka kama mwavuli. Amebakiza hatua mbili, akaruka na kupiga ukelele: "Nyoka!"

Wakwe walipanda kilima mbio, na mmoja wa mashahidi wawili miongoni mwao. Bwana harusi akainama, akapapasa chini ya kisigino, akainua meno ya baba mkubwa.

"Ya bwana harusi!" fundi akadakia. "Yeye ndiye ameyapata!"

Baba mkubwa aliyanyakua, akayasuuza, akayatia mdomoni. "Mimi bado niko majini," akasema, kila neno limenyooka. "Meno ni yangu."

Shehe akatazama huku na huku akitafuta shahidi wa pili. Mwanamume pekee aliyebaki ukingoni, mbali na shahidi wa kwanza, alikuwa fundi cherehani. Hakuwa ameondoa macho kwenye yale meno hata kidogo. Akaitwa, akapangusa maganda ya karanga, akashuhudia. Baba mkubwa akamwoza mdogo wangu kwa sauti ya gwaride, maji yakiwa kiunoni.

Tuliporudi, bwana harusi alipelekwa chumbani kumsalimu mkewe. Mdogo wangu akachungulia chini ya mtandio, akaninong'oneza:

"Dada, mbona anachechemea?"

"Ameng'atwa."

"Na nini?"

"Na baba mkubwa."