Mama Aliponiita Mke Mwenziwe

Mama alianza kupotea akiwa kakaa kitako ukumbini kwangu, Kengeja, ananitazama nnachekecha unga. Akanitazama weee, kisha akaniuliza, "Weye utarudi lini kwenu?"

Nikamwambia, "Kwetu wapi tena, mama? Kwetu si kwako weye."

Akasonya. "Kwangu mie? Mume ushanichukulia, sasa na nyumba unaitaka?"

Baba yangu alioa mke wa pili sisi tungali wadogo. Yule mke mdogo nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kiambo tu, ukipika samaki anajua. Alisemea puani, kila neno analivuta kama anavuta kamba kisimani: "Mmmume waangu hali ndizi mbiiivu." Nami kwa kuiga sijambo tangu utotoni, nilikuwa nikimwiga yule mke mdogo, mama akicheka mpaka anashika mbavu. Huyo mwanamke kafa zamani, na baba kafa. Mama mwenyewe ndiye aliyemwosha maiti huyo mke mwenziwe. Sasa kafufuka, na aliyefufuka ni mie.

Ilikuwa miaka ile ya vyama, kabla ya mapinduzi. Mie nina watoto, mmoja ziwani, mmoja ana homa, mwengine hataki kwenda chuoni kusoma Kurani mpaka umburure, na mama yuko nyuma yangu. Nikiweka chumvi, kaificha. Nikiwasha moto, kaumwagia maji, kisha anakaa mbali anangoja nihangaike. Binti yangu wa kati, mama alimfinya paja mpaka likavia damu. "Mtoto wa mwizi," akamwambia. Yule mwanangu wa ziwani alifanana na baba yangu, paji la uso lile lile, basi huyo mama alikuwa akimpakata na kumnusa kichwa, raha mustarehe. Ghafla akiniona mie anakumbuka mtoto ni wa nani. Anamweka chini kwenye mkeka. "Chukua chako."

Tabu yangu kubwa ilikuwa kula. Alikuwa hagusi kitu kilichopita mkononi mwangu. "Hicho kishatiwa kitu," akisema, na mdomo anaufumba kama chaza. Nilimbembeleza, nikalia, nikamlisha kwa nguvu, akanitemea. Siku moja nikamwekea wali wake na samaki, hakuutazama. Mume wangu alikuwa kaenda baharini kutega madema, chakula chake nimekifunika kawa juu ya meza. Binti yangu akakinyemelea, nikamkemea, "Wacha, cha baba hicho."

Kutoka uani narudi, nakuta kawa iko chini na mama kakumbatia ile sahani ya mume wangu, anakula kwa mikono miwili. Yake haijaguswa. Alivyonitazama! Kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo nikajua. Kesho yake nikaweka sahani mbele yake, nikaziba pua kidogo, nikasema kama mke mdogo wa baba: "Usiiiguse hino. Ya mmmume wangu hino, keshasema anakuja kula kwangu leo."

Mama akaivuta. Akala mpaka miba akainyonya.

Tokea siku hiyo kila adhuhuri nnagombana na mama yangu ili ashibe. Akinitukana namjibu, kwa pua. Akinyamaza namchokoza. Akimaliza sahani nnajipiga kifua, "Kha, ushanilia chakula cha mume wangu, nitamwambia nini mie," na yeye anajilamba vidole. Nashindwa kila siku, na kila siku ananenepa. Mume wangu, mtu wa sauti nzito, neno moja kwa saa nzima, akasema, "Nyumba hino... ina wake wawili... na mie hapana hata mmoja anayenitazama."

Ila kuitwa mwanangu, basi. Hilo lilikwisha.

Dada yangu, mkubwa wangu, kaolewa Wete, Jadida, mumewe ana duka. Huyu alikuwa akija mara moja kila mwezi ukiandama, kajifukiza udi, na kibati cha biskuti. Anaongea kidogo kidogo kama ana pipi shavuni. Mama akimwona tu uso unafunguka. "Mwanangu, umekuja. Karibu mwanangu."

Na mie nimesimama pale na ndoo ya mikojo.

Siku hiyo mama akamvuta dada kanga, akamnong'oneza, lakini mnong'ono wa kiziwi, unasikika hadi kwa jirani: "Mwanangu, huyu mwanamke hanipi kula. Nina siku ngapi sijatia kitu tumboni. Akipika anasema chakula cha mumewe, nisikiguse."

Dada akanitazama. "Mdogo wangu, mbona mama anasema hivi?"

"Hana akili zake, dada. Kanifanya mke mwenziwe."

"Mm. Lakini maneno hayo, ya mume, huyasemi?"

"Nayasema. Ndio anakula."

"Unayasema," dada akasema, basi, akafunga buibui lake.

Hakunisikiliza tena. Akapanda gari, akateremka Mtambile kwenye hitima ya jamaa zetu, akakaa katikati ya wanawake akayasema. Nnamjua alivyosema, nnamsikia hadi leo: "Mie sitaki kusema, lakini mama yetu, jamani, anashinda na njaa. Anawekewa chakula mbele ya macho, anaambiwa usiguse. Mwenyewe kanikubalia." Gari ya jioni ikayaleta Kengeja.

Sasa mie nilikuwa mpishi wa shughuli. Ikiwa harusi, ikiwa maulidi, wali unapikwa na mie. Mwiko wa kuugeuzia naushika mie, na makaa juu ya mfuniko nayapanga mie, hapana anayekula ulioungua na hapana anayekula ubichi. Sikusoma, sina dhahabu, jina langu mjini kwetu lilikuwa huo mwiko. Harusi iliyofuata nikaenda na kanga yangu ya kujifunga kiunoni, namkuta mwengine kasimama kwenye sufuria. Mama mwenye harusi, bibi wa kunenepa, sauti kama kuku anayetaga, akaniambia, "Leo pumzika, bibi. Pumzika. Una mgonjwa." Nikapumzika. Harusi ya pili nikapumzika. Siku hizo watu walikuwa wakisusiana kwa vyama, huyu hendi maziko ya yule, yule hachoti kisima cha huyu. Mie nilisusiwa na wa vyama vyote viwili, waligombana kwa kila kitu ila kwa hilo. Jirani yangu wa mlango kwa mlango alisita hata kupokea kibaba cha unga wa muhogo kwangu. "Kampe mama kwanza," akasema.

Wallahi nilimchukia dada yangu. Nilimchukia nikitwanga, nikinyonyesha, nikimvua mama nguo na kumvisha. Nikaamua.

Nikamkogesha mama, nikamtia kanga mpya, nikamfungia nguo zake, tukapanda gari mpaka Jadida. Nikambwaga kwa dada. "Dada, mama huyu. Mshibishe."

Akapokea kwa furaha, majirani wanatazama. Ningeweza kumwambia, maneno hayafiki vidole vya mkono mmoja: ziba pua, mkataze. Sikumwambia. Nna meno mawili sasa kwa uzee, na bado sioni kwa nini ningemwambia.

Mwezi haukwisha, mwanamke wa kwetu aliyekwenda Wete akarudi anacheka hata hajakaa. Mama, ananieleza, kila asubuhi anasimama mbele ya duka la shemeji yangu, kajifunga kanga kifuani, anawaambia wateja: "Wanangu, mnanunua hapa? Magunia yote hayo ya mchele, na mie mwanamke huyu hanipi hata ukoko. Mume kanichukulia, na njaa ananitia." Wateja wanaingia duka la pili.

Nilicheka mpaka maziwa yakatoka. Kisha nikapanda gari, nataka kuyaona kwa macho yangu.

Dada alinifungulia mlango, udi hapana, nywele hazina mafuta. Ana alama za meno kwenye mkono. Alikuwa kamkogesha, kamfulia, kamwambia kaa kitako, kamfungia mlango asitoke, na mama keshampa cheo changu. Anayemhudumia ndiye mke mwenza, kumbe ni hivyo tu, hakikuwa kitu changu mie.

Nikaingia ndani. Mama kakonda, mashavu yameingia. Akaniona, uso ukafunguka.

"Mwanangu," akasema. "Umekuja mwanangu. Njoo nikwambie vitimbi vya mwanamke huyu."

Nikakaa. Akanishika mkono akanieleza yote, na mie nnamuitikia, kha, ati nini, hata aibu haoni. Dada kasimama mlangoni anasikiliza.

Baadaye akanivuta uani. Pipi haimo tena shavuni. "Mdogo wangu, nakuomba. Kwako alikuwa anakulaje?"

Nikamwambia, "Kesho kwetu kuna harusi. Twende sote. Usimame mbele ya wapishi useme."

"Niseme nini?"

"Kama ulivyosema Mtambile. Ila geuza."

"Unataka kuniadhiri."

"Ndiyo, dada."

Jioni hiyo tukapanda gari sote watatu. Mama kaniegemea begani njia nzima, kila tukirushwa na shimo anasema, "Nishike mwanangu," na kila akiamka anamwonesha dada kwa kidevu: "Na huyu kaja kufanya nini?"

Asubuhi nikawakuta wanawake wameshainjika masufuria. Nikamweka mama juu ya kibao, nikasimama pembeni nimekunja mikono. Dada akasema. Sauti haikutoka, mama mwenye harusi akamwambia, "Sema juu, bibi, kuni mbichi hizi zinatoa moshi na kelele." Akasema juu. Kwamba alisema uongo bila ya kujua, kwamba mama kwake hakula, kwamba ana alama za meno, akakunja na mkono wa nguo wakaziona. Hapana aliyemsaidia hata kwa kukohoa. Mimi nilimwacha amalize mpaka neno la mwisho.

"Haya, nimesema," akaniambia. "Sasa mlishe."

Nikapakua wali, nikaukalisha mbele ya mama. Nilijaribu kwanza kwa sauti yangu, wallahi nilijaribu. "Mama, kula." Akanitazama kwa huruma, akausukuma. "Usile na weye mwanangu. Kishatiwa kitu."

Nikamwangalia kidogo. Nikaziba pua.

"Usiiiguse hino. Ya mmmume wangu hino."

Uso wake ukafungika pale pale. Akaivuta sahani, akala, macho hayanitoki, punje kwa punje, na wanawake wakaangua kicheko hadi mama mwenye harusi akashika nguzo. Mama akamaliza, akageuka kwa dada yangu, akamshika kanga.

"Mwanangu," akamwambia, "umekuja lini? Hebu tazama roho ya mwanamke huyu."

Dada akaanza kulia. Mtu akaniletea mwiko. Nikajifunga kanga kiunoni, nikampa dada yangu kisu na pakacha la vitunguu, nikamwonesha pa kukaa, upande unaokwenda moshi.